Bawa kwenye Meza ya Kukatia

Mchoro ulikuja vipande kumi na sita.
Lwitiko aliuchapisha steshenari, hapo Mwanjelwa,
akauunga kwa selotepu sakafuni mwa duka langu
kati ya sare za shule na gauni la mke wa mchungaji.
"Shangazi," akasema, "wewe una meza ndefu."
Hakusema nina macho.

Nilishika futikamba kwa mazoea tu,
kama mtu anavyojikuna.
Mchoro ulipoandika sentimita kumi
mimi nilipata tisa na nusu, kasoro unywele.
Kijana, nikamwambia, mashine imekupunja,
hii nguo itambana mwenyewe.
Akabisha. Akapima. Akanyamaza.
Akarudi steshenari, mvua ikimsindikiza.

Balsa ilishuka na basi la usiku kutoka Dar,
imeviringishwa gazeti na kitenge kuukuu.
Nikaipokea kwa nguvu zote, kama ninavyopokea jora,
mikono ikapanda juu yenyewe, imekosa mzigo.
Hizi ni mbao, au ni fununu ya mbao?
Baba yangu alipasua magogo Uporoto
hadi bega lake la kulia likashuka chini ya la kushoto.
Ningemwekea huu mti mkononi, angeuliza uko wapi.

Lakini una uzi. Kila kinachokatwa kina uzi.
Ukienda nao, wembe unateleza,
ukienda kinyume, unachanika kama kaniki iliyooza.
Hilo mchoro haukuliandika.

Mbavu ishirini na mbili.
Nikazisimamisha juu ya karatasi, moja moja,
kwa pini zangu za vichwa vya rangi:
nyekundu penye boriti, njano ukingoni.
Gundi ikanigandisha kidole gumba na cha shahada;
asubuhi hiyo nilipokea simu kwa kiwiko.

Lwitiko alishughulika na yasiyoshoneka:
betri, mota, waya za rangi tatu,
vijimashine vinavyonung'unika vikigeuza usukani.
Mimi nikalivika bawa ngozi yake, plastiki nyekundu.
Umeme ukakatika.
Nikawasha pasi ya mkaa, nikapuliza majivu,
nikaijaribu kwa mate,
na ile ngozi iliyolegea, yenye makunyanzi ya bibi,
ikajikaza mbavuni hadi ikalia ukiigonga kwa kucha.

Tukaiinua kwa ncha za vidole viwili. Mkia ukazama.
Tukaitia puani sarafu ya mia mbili,
kisha nyingine, kisha ya hamsini,
ndipo ikatulia, imelala juu ya hewa.
Nauli ya kwenda juu: mia nne na hamsini.

Jumapili, Uyole, shamba lililokwisha kuvunwa mahindi.
Hewa ya huku ni nyembamba, Lwitiko akaniambia,
itabidi ikimbie zaidi.
Ikakimbia. Ikadunda kwenye mabua. Ikakimbia.
Kisha kivuli chake kikabaki peke yake ardhini.

Watoto walipiga kelele, sikuwasikia.
Nilikuwa natazama mshono tu,
pale bawa linapokutana na kiwiliwili.
Hata kanisani, bibi harusi akipita,
wengine wanaona sura, mimi naona kwapa.

Mzunguko wa tatu upepo ukateremka mlimani bila kubisha hodi.
Ikaangukia viazi vya watu.
Tukalipa viazi.
Mbavu tatu zimevunjika, pua imebonyea, sarafu zote zipo.
Nimeshapokea gauni zilizorudi na hali mbaya zaidi.

Leo mke wa mchungaji amekuja, lake halijaisha.
Nikajifanya natafuta vifungo.
Akaokota mchoro mezani, akauinua dirishani
aone ni fasheni gani inayomcheleweshea nguo.
Jua likapenya matundu ya pini, mamia,
na bawa zima likamwagika kifuani mwake kwa nukta za mwanga,
kutoka bega hadi bega, na kupita.
"Hili ni la nani?"
"La Lwitiko," nikasema. "La mikono mirefu."